Masikio ya Gunia

Wamekuja watatu, na turubai, na meza ya kukunja,
na karani mwenye kalamu mbili, nyekundu na ya buluu,
wakajipanga kati ya mizani na rundo la pumba.
Kibaigwa, saa nne, upepo wa Julai unatupa makapi machoni.
Swali lao limechapwa kwa herufi kubwa:
NCHI IINGIE KWENYE SHIRIKISHO, AU IBAKI NJE?
Chini yake visanduku viwili tu,
kama bao lililonyang'anywa mashimo mengine.

Mimi nashona. Shazia haingoji siasa.
Gunia mia mbili na arobaini kabla ya adhuhuri,
na lori la Karangwa limeshageuzwa pua kuelekea Singida.

Mwalimu Leganga akashika kipaza sauti.
"Bendera moja, sarafu moja, jeshi moja!
Mpaka ni mstari wa rula ya mtu asiyejua hata jina la mto!"
Akajipigia makofi. Tukamsaidia kidogo.

Ndahani wa ghalani akasimama bila kuitwa.
"Bibi yangu aliiona njaa ya Mtunya.
Mjerumani alikuja, akachukua uwele.
Akaja Mwingereza, akachukua mbegu.
Kila aliyetaka kutuunganisha na kitu kikubwa
alianzia ghalani.
Leo mnasema ardhi itakuwa ya wote.
Ya wote ni ya nani, usiku ukiingia?"
Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka.

Mutiso, mnunuzi wa kutoka Machakos,
amekalia magunia yake, anatafuna karanga,
macho kwingine, kama mgeni anayewasikia
wenye nyumba wakibishana kama apikiwe.

Namjua. Mwaka ule mpaka ulipofungwa
kwa tangazo la redio la saa mbili usiku,
mahindi yangu yalilala nje siku arobaini.
Dumuzi hakusikia tangazo.
Aliyala mpaka yakawa unga ndani ya gunia,
unga usiosongwa ugali.
Mutiso alipiga simu kila jioni: "Yako salama?"
Nami: "Yako salama."
Ni aibu kumwambia mtu wa mbali
kwamba mlango wa kwenu umefungwa, na ufunguo hamna.

Lakini Mutiso huyo huyo ndiye bwana lumbesa.
Gunia limejaa, yeye anataka livishwe kilemba,
debe zima la bure,
mkono wake begani kwangu: "Si sisi ni ndugu?"
Undugu haupandi mizani,
ila kuna anayeulipia.

"Mama, jina?"
"Perusi Malogo."
"Ndani au nje?"

Nikakata uzi kwa meno. Nikamvuta karani kwa mkono wa shati,
nikamwonyesha gunia.
"Hapa, na hapa pembeni. Unaona? Naacha masikio.
Ukilishona lote, linapendeza kama mto wa harusi,
ila mbebaji hana pa kushika.
Litamponyoka, litapasukia barabarani,
na kuku wa watu ndio watakaofaidi.
Basi mkizishona hizo nchi,
kila moja iachwe na masikio yake.
Na lumbesa sitaki."

Karani akavitazama visanduku.
Kalamu nyekundu. Kalamu ya buluu.
"Mama, masikio humu hayamo."
"Ongeza karatasi."
"Karatasi zimehesabiwa."

Mutiso aliacha kutafuna.
Ndahani akasema, "Mwandike nje huyo!"
Mwalimu akasema, "Huyo ni ndani kabisa!"
Wakashikana kwa maneno tena, safari hii juu yangu,
na mimi nimesimama hapo hapo, shazia mkononi.

Karani akaandika kitu.
Upepo ukaipindua karatasi kabla sijaisoma,
akaibana kwa gunzi la muhindi.
Sijui kama niliingia au nilitoka.
Nikatunga uzi mwingine.
Zimebaki mia na tisa,
na Karangwa ameanza kupiga honi.